Weupe Katika Picha ya Ubongo

Fuvu la binadamu lilikuwa ngome ngumu kwa jicho la tabibu. Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, mifupa ilionekana waziwazi, bali ubongo ulibaki gizani. Mwaka 1918 Walter Dandy, mpasuaji wa Marekani, alitia hewa katika vyumba vya ubongo ili umbo lake lionekane. Njia hiyo iliwatesa wagonjwa. Faraja ilikuja tarehe 1 Oktoba, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, ambako mashine ya Godfrey Hounsfield ilimpiga mgonjwa picha za ubongo tabaka kwa tabaka pasipo kisu. Baadaye ikafuata mashine ya sumaku, ambayo njia ya picha zake ilionyeshwa na Paul Lauterbur mwaka 1973.

Lakini kuona si kufahamu. Kansa iliyoanza katika pafu, titi au ngozi huweza kuchukuliwa na damu hata ikafika ubongoni. Ili ionekane, mgonjwa hudungwa dawa yenye gadoliniamu. Penye uzima, kuta za mishipa midogo ya ubongo huizuia dawa hiyo isipenye. Penye kansa kuta huvuja, na mahali hapo hung'aa kwa weupe. Hapo ndipo penye mtego. Mionzi inayoiua kansa huweza kuziharibu kuta zizo hizo, na dawa zinazoamsha kinga ya mwili huweza kuleta uvimbe. Basi jeraha la tiba na kansa inayokua huvaa kanzu moja, na jeraha hilo huweza kutokea miezi mingi, hata miaka, baada ya mionzi.

Hukumu ikikosewa, mwenye kulipa ni mgonjwa. Ikidhaniwa kuwa ugonjwa umerudi, huenda akapasuliwa fuvu bure, au akaachishwa dawa iliyokuwa ikimfaa. Ikidhaniwa kuwa ni jeraha tu, kansa hupewa nafasi ya kukua.

Kwa sababu hiyo mwaka 2015 matabibu wa mataifa mbalimbali walitoa kanuni za kupima kansa iliyoenea ubongoni. Madoa yanayopimwa, yenye urefu usiopungua milimita 10, yakipungua kwa asilimia 30 au zaidi, na hali hiyo ikadumu, huhesabiwa kuwa tiba imeitikiwa. Yakizidi kwa asilimia 20 juu ya kipimo kidogo kilichopata kufikiwa, ugonjwa huhofiwa kuwa unaendelea. Mwaka huo huo ilitolewa kanuni kwa dawa za kinga: picha ikiharibika katika miezi 6 ya kwanza, na mgonjwa mwenyewe hakudhoofika, yafaa kungoja na kupiga picha nyingine baada ya miezi 3 kabla ya kukata shauri.

Mwezi wa Agosti wa mwaka uo huo Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, naye ana umri wa miaka 90, alitangaza kwamba kansa ya melanoma, iliyokwisha onekana katika ini lake, imefika ubongoni kwa madoa manne madogo. Alitibiwa kwa mionzi na dawa ya kinga iitwayo pembrolizumab. Tarehe 6 Desemba alitangaza kwamba picha mpya haikuonyesha madoa yale wala mengine. Watu wengi walishangilia kana kwamba kansa imekwisha kabisa. Picha yenyewe haikusema zaidi ya kwamba siku ile hapakuonekana kitu. Kwa hiyo Carter aliendelea na dawa hata Machi 2016, na alipoiacha, ilielezwa kuwa picha zitaendelea kupigwa. Aliishi hata tarehe 29 Desemba, 2024, akiwa na miaka 100.

Picha moja, iwe safi au yenye doa, ni shahidi mmoja. Ushahidi wake hupimwa kwa picha iliyotangulia, kwa ile itakayofuata, na kwa hali ya mgonjwa mwenyewe.