Onyesho la Papo kwa Papo katika Uandishi wa Nyaraka za Programu

Historia ya uandishi wa nyaraka za programu za kompyuta, yaani maelezo yanayomfundisha mtumiaji namna programu inavyofanya kazi, ni kwa kiasi kikubwa historia ya kupunguza muda kati ya kuandika na kuona kilichoandikwa kikiwa katika sura yake ya mwisho. Mwaka 1964 Jerome Saltzer wa MIT, nchini Marekani, alitunga RUNOFF, programu iliyopanga matini kwa kufuata amri zilizoandikwa ndani ya matini hiyohiyo, kila amri ikitanguliwa na nukta. Joe Ossanna wa maabara za Bell aliendeleza mbinu hiyo katika troff, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bado kosa la amri moja liliweza kujificha hadi karatasi ilipotoka mashinini.

Mwaka 1974 kihariri cha Bravo, kilichobuniwa katika kituo cha Xerox PARC, kilionyesha ukurasa kwenye skrini kama ambavyo ungechapwa. Hata hivyo, wanaprogramu wengi hawakuacha matini yenye alama, kwa kuwa faili la aina hiyo huhifadhiwa pamoja na msimbo na mabadiliko yake hulinganishwa mstari kwa mstari. Ndiyo maana Markdown, mtindo wa alama wa John Gruber wa mwaka 2004, na Sphinx, zana ya Georg Brandl ya kujenga kurasa za nyaraka, ya mwaka 2008, zilipokewa vizuri, ingawa mwandishi alilazimika kutoa amri ya kujenga kurasa, kisha kuupakia upya ukurasa katika kivinjari.

Adha hiyo iliondolewa kwa kuunganisha mambo mawili: uwezo wa mfumo endeshi kuitaarifu programu kwamba faili limebadilika, ambao katika Linux hutolewa na inotify tangu mwaka 2005, na WebSocket, kanuni ya mawasiliano iliyosanifishwa mwaka 2011, inayoiruhusu seva kukitumia kivinjari ujumbe bila kuombwa. Faili likihifadhiwa, kurasa hujengwa upya na kivinjari huamriwa kuzipakia. Mwandishi wa Markdown akisahau kufunga alama tatu zinazotenga mfano wa msimbo, huona mara moja maelezo yote yanayofuata yamegeuka kuwa msimbo.

Hata hivyo, onyesho hilo la papo kwa papo hukagua umbo tu: amri iliyopitwa na wakati huonekana nadhifu sawa na amri sahihi, na haitambuliki mpaka ijaribiwe.