Katuni ya Simu na Katuni ya Karatasi

Reli ya zamani kutoka Jinja kwenda Mbale inapita Tororo, alikozaliwa Dilman Dila, yule wa A Killing in the Sun (2014), hadithi za kubuni za kisayansi. Kijana wetu hapa kambini alifuata njia hiyohiyo bila mchapishaji: fumbo la roboti aliyepotea, limechorwa kwenye simu, likatumwa kwa bando.

Zamani haikuwezekana. Jarida la Joe la Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, Nairobi 1973, lilitaka kiwanda, karatasi na pesa. Shujaaz ya 2010 ikagawiwa bure pamoja na gazeti. Simu imefuta gharama hizo, na ni jambo jema kweli. Ila jamani, Joe bado inasomeka maktaba. Ya kijana wetu, simu ilipokufa, hatuna hata ukurasa mmoja.