Kutoka "Hodi" Mpaka Kitufe: Kengele ya Mlangoni Ilivyopanda Uchagani

Panda haisi pale stendi ya Moshi, shuka Kibosho, Uru au Machame, kisha tembea mpaka kwenye mjengo wowote mpya. Kitu cha kwanza kukukaribisha si mtu, ni geti. Geti la chuma, refu, limepakwa rangi nyeusi na urembo wa dhahabu, na pembeni ya nguzo kuna kitufe cheupe cha plastiki. Unabonyeza. Ndani huko kitu kinalia, au hakilii, huwezi kujua. Unasubiri. Unabonyeza tena. Mwisho unaokota jiwe unagonga chuma kama wenzako wote waliotangulia, ndo maana rangi ya mageti mengi imebanduka sehemu ileile moja, usawa wa kifua.

Hicho kitufe kina historia ndefu kuliko unavyodhani.

Kwanza kabisa, mlimani hapakuwa na geti. Mchagga wa zamani aliishi kwenye kihamba, nyumba ya majani katikati ya migomba, na mpaka wake na jirani ulikuwa mstari wa isale, ule mmea wa majani marefu ambao pia ndio uliotumika kuomba msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na kulikataa ni jambo zito. Kwa hiyo fensi yenyewe ilikuwa mmea wa amani. Mgeni alipita kwenye kijia cha kihamba akipaza sauti tangu mbali, na kabla hajafika mlangoni mwenye nyumba alishajua ni nani, anatoka upande gani, na pengine kama amekuja kudai.

"Hodi" nayo ilipokita mizizi pamoja na Kiswahili, ikafanya kazi ileile. Wazee wa pwani wana utaratibu wake kabisa, unaotoka kwenye mafundisho ya Kiislamu: unaomba ruhusa mara tatu, usipojibiwa unaondoka, na huna haki ya kununa. Hodi ni sauti, na sauti ina mwenyewe. Kitufe kinalia vilevile kwa mjomba, kwa askari na kwa mwizi anayechunguza kama kuna mtu ndani.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa raha tupu. Karne ya 19 mlima huu ulikuwa wa umangi mwingi, na mamangi walipigana kwelikweli. Kule Rombo, Mangi Horombo wa Keni anakumbukwa kwa ngome yake ya mawe. Marangu na Mamba kuna mahandaki ambayo watu walijichimbia na mifugo yao wakati wa vita na Wamasai, na waongozaji wa watalii wanakuonyesha mpaka leo ule mlango mwembamba wa kuingilia mtu mmoja mmoja, huku wakisimulia mlinzi aliyekaa kwa ndani kumpokea adui. Na hatari ilipotokea, pembe ilipigwa, mlima mzima ukasikia. Yaani suala la "nani yuko mlangoni" lilikuwa la kufa na kupona muda mrefu kabla ya waya wa kwanza.

Kengele ya chuma ililetwa na wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame mwaka 1893, na taratibu mlima ukaanza kupangiwa saa: saa ya ibada, saa ya shule, saa ya kwenda nyumbani. Pale ambapo kengele ya kununua haikupatikana, shule zikatundika rimu ya gari au kipande cha reli kwenye mti, na mwanafunzi wa zamu akakipiga kwa nondo. Kama umesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania, huhitaji maelezo zaidi.

Sasa huko Ulaya mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo panachekesha kidogo. Kengele ya ndani ya nyumba haikuanza kwa ajili ya mgeni peke yake. Kwenye majumba ya matajiri ilikuwa kamba na waya uliopita ndani ya kuta, bosi anavuta huku sebuleni, kengele inalia kule jikoni, mtumishi anakimbia. Umeme ulikuja kuondoa kuvuta tu. Mwaka 1831, kule Albany, Marekani, mwalimu aitwaye Joseph Henry alipitisha umeme kwenye waya wa zaidi ya maili moja akaigonga kengele upande wa pili kwa kutumia sumaku ya umeme. Baadaye kinyundo kikatengenezwa kijitetemeshe chenyewe: umeme ukipita, sumaku inavuta kinyundo kinagonga, kikishagonga kinakata njia ya umeme, sumaku inakufa, springi inakirudisha, njia inaunganika, kinagonga tena. Ndiyo ile "trrrrr" unayoijua. Ilipofika mwaka 1866 na betri ya Mfaransa Leclanché, kengele ikaweza kukaa ukutani miezi mingi bila kuguswa, kwa sababu inakula umeme pale tu mtu anapobonyeza.

Hiyo tabia ya kumwita mtumishi ilikuja mpaka huku. Nyumba za wazungu enzi za ukoloni zilikuwa na kengele ndogo ya mezani, inatikiswa, "boi" anatokea na supu. Na Moshi wenyewe wana mtaa wao wa miti mirefu na bustani kubwa, Shanty Town, ambao jina lake ni uongo mtupu kwa sababu maana yake ni mtaa wa mabanda. Mitaa ya aina hiyo ndiko mlango wenye kitufe ulikoanzia, mjini, chini, mbali na migomba.

Kilichopandisha kitufe mlimani ni vitu viwili, kahawa na nguzo za umeme. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, kikaja kuzaa KNCU mwaka 1933, na hela ya kahawa ikaanza kubadili nyumba: majani yakatoka, bati likaingia, tofali, mlango wa mbao wenye kufuli. Umeme ulichelewa. Tanesco ilianza kama kampuni mwaka 1931, na bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya mji, likaanza kuzalisha megawati 8 mwaka 1968. Ila waya kupita juu ya kijiji si sawa na waya kuingia ndani ya nyumba yako. Vijiji vingi nchini vilisubiri mpaka REA ilipoanza kazi mwaka 2007 ndipo mita ya LUKU ikawa jambo la kawaida.

Na umeme ulipofika ulikuta kitu kingine kimeshatangulia: watoto wametawanyika. Wako Dar, Arusha, Dubai, Marekani. Wanajenga. Chukua mfano mmoja ambao kila mtu wa Kilimanjaro anaweza kuujaza jina lake mwenyewe: kijana anakaa Dar, mama yuko peke yake kijijini, baba alishafariki. Kijana anaangusha mjengo, anazungusha ukuta, anaweka geti. Kutoka geti mpaka sebuleni ni mita 40. Mama ana miaka 70 na kitu, sikio moja limeanza kugoma. Hodi ya getini hawezi kuisikia tena. Kwa hiyo kengele hapo si urembo, ni dawa ya ugonjwa ambao ukuta wenyewe umeuleta.

Fundi anaitwa. Na hapa ndugu msomaji kaa vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaweza kufa.

Kengele nyingi zinazouzwa madukani ni za volti 230 moja kwa moja. Ufungaji wake ni kama wa taa: laini inapita kwenye kitufe, inaenda kwenye kengele, nyutro inafunga mzunguko. Ikiwa ndani ya korido kavu, sawa. Lakini fundi mwenye haraka anachukua waya uleule, anaupitisha chini ya maua, anaufikisha kwenye kitufe cha plastiki cha ndani kilichopigiliwa kwenye nguzo ya geti la chuma. Halafu inakuja masika. Mvua ya mlimani si ya Dar. Aprili inaweza kunyesha usiku kucha na asubuhi ikaendelea. Maji yanaingia kwenye kitufe, na mtoto wa jirani aliyetumwa kurudisha sufuria anasimama pekupeku kwenye tope akinyoosha kidole.

Njia sahihi inajulikana tangu enzi za babu zetu. Unaweka transfoma ndogo ya kengele karibu na meinswichi, kwenye breka yake, inashusha volti 230 mpaka 8 au 12. Kinachotoka nje kwenda getini ni hizo chache tu, ndani ya paipu iliyofukiwa, na kitufe ni cha kuzuia maji. Ukikishika na mkono uliolowa, hakikuui.

Ila kuna mtego mwingine ambao ndio unaofanya kengele nyingi za Uchagani zilie kama mbu. Waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba, mita 40 kwenda na 40 kurudi, una ukinzani unaokaribia ohm 3. Kengele ikivuta ampia moja, karibu volti 3 zinaishia njiani. Kati ya zile 8, mama anapata 5. Fundi anasema kengele ni feki, wanabadilisha, ya pili nayo ni feki, na ya tatu. Dawa ni waya mnene zaidi, au transfoma ya volti 12. Elfu kadhaa tu za tofauti, lakini nani anataka kuongeza hela kwenye kitu ambacho hakionekani?

Wengi sasa wanakwepa waya kabisa, wananunua zile za betri na redio. Boksi linaahidi mita nyingi, lakini mita hizo zimepimwa uwanja wazi, si kupita kwenye ukuta wa tofali na migomba iliyolowa. Na za bei chee zina vituko: unabonyeza kwako, inalia kwa jirani, bibi wa watu anatoka na khanga kumpokea mgeni asiyekuwepo.

Halafu kuna ya kamera. Mwaka 2013 Mmarekani mmoja alipeleka wazo la kengele yenye kamera kwenye kipindi cha televisheni cha kutafuta wawekezaji, akaondoka bila hela. Mwaka 2018 Amazon ikainunua kampuni yake, Ring, kwa dola zinazokadiriwa kufika bilioni 1. Kitu cha jamii hiyo kikifungwa Kibosho, mama mdogo anakuja na mkungu wa ndizi, anabonyeza, na sauti inayomjibu "Shikamoo mama mdogo, subiri kidogo nampigia mama simu" inatoka Dubai. Anaitikia marahaba huku akiangalia nguzo. Ulinzi umeongezeka, hilo halina ubishi, na kwa mzee anayekaa peke yake ni jambo kubwa. Lakini majirani waliokuwa wanapita kusalimia tu, bila sababu, wamepungua, kwa sababu ukibonyeza kengele inabidi uwe na sababu. Hodi haikuwahi kudai sababu.

Wenye akili wameacha njia ya pili. Kwenye vihamba vingi kuna kimlango kidogo upande wa migomba, kisicho na kufuli wala kitufe, na hapo bado watu wanapita wakipaza sauti kama zamani.

Desemba yote hayo yanasimama. Magari ya Dar yanapanda, mbege inapikwa, mbuzi anachinjwa, geti linaachwa wazi kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane na hakuna anayekumbuka kama kuna kengele. Ikifika tarehe 3 Januari hivi, magari yanashuka. Geti linafungwa. Mama anakaa sebuleni, kiti kimesogezwa karibu na ukuta ule wenye kengele, ili akisikie kikilia.