Mulago na Shule ya Udaktari ya Makerere

Shule ya udaktari ya Makerere, iliyoanza kufundisha mjini Kampala mwaka 1924, haikuanzishwa ili itoe madaktari kamili bali wasaidizi wa madaktari wa Kizungu, na kwa miongo kadhaa Waafrika waliohitimu hapo, licha ya masomo yao marefu, waliajiriwa na serikali za kikoloni kwa cheo cha msaidizi na kwa mshahara mdogo kuliko wa mwenzao aliyetoka Uingereza. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ndipo Baraza la Madaktari la Uingereza, yaani chombo chenye mamlaka ya kuwasajili madaktari, lilipoitambua stashahada yao. Dhuluma hiyo ilizaa wanasiasa: Tanganyika, ambayo haikuwa na shule yake ya udaktari hadi 1963, iliwapeleka vijana wake Makerere, na mmoja wao, Dk. Vedasto Kyaruzi, aliongoza chama cha TAA (Tanganyika African Association) miaka michache kabla ya Julius Nyerere kukiongoza na kukigeuza TANU mwaka 1954.

Sifa ya kitaaluma ya shule hiyo ilijengwa katika wodi za Hospitali ya Mulago, iliyofunguliwa mwaka 1913, kwa kuwa humo walilazwa wagonjwa wenye maradhi ambayo vitabu vya Ulaya ama viliyataja kijuujuu ama havikuyataja kabisa. Humo daktari Hugh Trowell alichunguza kwashiakoo, utapiamlo unaovimbisha mwili wa mtoto aliyekosa lishe ya kutosha, na humo pia daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona watoto waliovimba mataya kwa namna isiyo ya kawaida. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe huo, kisha mwaka 1961 akazunguka kwa gari Afrika Mashariki na ya Kati akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi unaonekana, akabaini kwamba kuenea kwake kulifuata joto na mvua. Vipande vya uvimbe kutoka Mulago vilisafirishwa kwa ndege hadi London, ambako mwaka 1964 mtafiti Anthony Epstein na wenzake walitangaza kuona ndani ya seli zake kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ni haki kusema kwamba ugunduzi huo, ambao dunia huuita kwa majina ya Wazungu, ulitegemea miili ya watoto wa Afrika ambao majina yao hayatajwi popote, na historia yoyote ya Makerere inayowasahau ina upungufu mkubwa.

Taasisi ya Saratani ya Uganda iliundwa hapo Mulago mwaka 1967, na uvimbe wa Burkitt ukaonekana kutibika kwa dawa. Utawala wa Idi Amin uliwaondoa walimu wengi wa kigeni kuanzia 1972, lakini daktari Charles Olweny na Waganda wenzake waliiendeleza taasisi hiyo katika uhaba wa kutisha. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu ugonjwa mpya wa kukondesha uliokuwa ukiua watu kusini mwa Uganda, ambao leo hujulikana kuwa UKIMWI, na mwandishi wake wa kwanza, David Serwadda, alikuwa daktari aliyesomea Makerere.