ANGA ZA JUU NA KIJIJI: FEDHA YA UMMA IMTUMIKIE NANI?

Suala la kuchunguza anga za juu si la wataalamu peke yao. Ni suala la siasa, kwa sababu linahusu jasho la umma na namna jasho hilo linavyogawanywa. Kila chombo kilichopata kurushwa angani kimelipiwa na mtu fanyakazi, awe wa kiwandani au wa shambani. Katika makala hii tunakusudia kuitazama historia ya jambo hili tukiwa tumesimama Issuna, mkoani Singida, wala si Washington wala Moscow.

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, iliyo katika njia kuu itokayo Manyoni kwenda Singida. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu, wakulima na wafugaji. Nchi yao ni kame. Hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Aprili, na mtama, uwele na alizeti yote hutegemea msimu huo mmoja. Mvua ikianza kisha ikakatika, aliyekwisha kupanda amepoteza mbegu na nguvu zake. Kwa hiyo mkulima wa Issuna ana haki ya kuuliza: fedha zinazotumika angani zinamfaa nini? Na je, yeye naye achangie?

Mashindano ya Wakubwa

Enzi ya anga ilianza tarehe 4 Oktoba 1957, Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akawa binadamu wa kwanza kuizunguka dunia. Marekani ikaingiwa na hofu, ikafungua hazina. Mwaka 1966 shirika lake la anga, NASA, lilikuwa likichukua zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali ya nchi hiyo, na mpango wa Apollo uligharimu kiasi cha dola bilioni 25.

Ni dhahiri kwamba fedha hizo hazikutolewa kwa kupenda elimu tu. Roketi iwezayo kubeba chombo cha utafiti yaweza pia kubeba bomu. Ndani ya Marekani yenyewe walikuwako waliouona mgongano huo. Mwezi Julai 1969, katika siku za kuamkia safari ya kwanza ya kutua mwezini, Mchungaji Ralph Abernathy aliongoza maskini wenzake na nyumbu wao hadi Cape Kennedy, kuuliza kwa nini taifa liwezalo kufika mwezini lisiweze kuwalisha watoto wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa raia wa nchi moja.

Kupanga ni Kuchagua

Mwaka huohuo wa 1969, mwezi Mei, Mwalimu Nyerere aliueleza Mkutano wa TANU kuhusu Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, katika hotuba ijulikanayo kama Kupanga ni Kuchagua. Mwalimu hukumbukwa pia kwa kauli kwamba wakati wengine wanajitahidi kufika mwezini, sisi tunajitahidi kufika vijijini. Uchaguzi huo ulikuwa sahihi. Nchi isiyo na maji ya bomba haina sababu ya kushindana na mataifa makubwa kwa fahari.

Lakini wako wanaoitafsiri kauli hiyo kana kwamba ilikuwa ya kuidharau sayansi. Tafsiri hiyo haina msingi. Azimio la Arusha lilitaja watu kuwa la kwanza katika mambo manne yanayohitajika kwa maendeleo, na watu huendelea kwa kuwa na maarifa. Kufika kijijini maana yake ni kufika na elimu, na dawa, na habari za mvua.

Ardhi Yetu, Vyombo Vyao

Wakati sisi tunachagua vijiji, ardhi ya Afrika Mashariki ilikwisha kuingizwa katika shughuli za anga bila wenyewe kuwa na kauli kubwa. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar, ilikubaliana na Marekani kujenga kisiwani Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury. Wazalendo walikipinga kituo hicho tangu mwanzo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitaka kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka huohuo.

Huko Kenya, karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini. Kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka hapo, kwa sababu roketi inayorushwa karibu na Ikweta husukumwa zaidi na mzunguko wa dunia na hivyo kuokoa mafuta. Moja yao ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo satelaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Jina lilikuwa letu. Chombo, elimu na sifa vilikuwa vya wengine.

Mataifa ya Ikweta hayakunyamaza. Mwezi Desemba 1976, nchi 8, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire, zilitoa tamko mjini Bogotá kudai haki juu ya njia ya satelaiti zinazokaa juu ya Ikweta. Wakubwa hawakulikubali dai hilo. Fundisho lake ni kwamba haki isiyo na uwezo nyuma yake hubaki kwenye karatasi.

Manufaa na Pengo

Hata hivyo, itakuwa kosa kukataa manufaa yaliyopatikana. Mwaka 1972 ilirushwa satelaiti ya kwanza ya Landsat, inayopiga picha za ardhi, misitu na maji. Mwaka 1975 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani kwa kutumia picha hizo, na Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 1977, mwaka kilipozaliwa Chama Cha Mapinduzi, Ulaya ilirusha Meteosat ya kwanza, na tangu hapo mawingu ya Afrika yanatazamwa kutoka juu mchana na usiku.

Pengo liko chini. Picha husafiri maelfu ya kilomita hadi Dar es Salaam kwa dakika chache, lakini utabiri ukifika Singida husema mvua itakuwa ya wastani au chini ya wastani. Mkulima wa Issuna hapandi wastani. Anataka kujua apande lini, na kama apande mtama wa muda mfupi au mrefu. Kutoka kwenye chombo hadi kwenye jembe panahitajika vituo vingi vya kupimia mvua, maofisa ugani wa kutosha na lugha inayoeleweka. Hayo hayarushwi kwa roketi.

Wajibu Wetu

Majirani wamekwisha kuanza. Satelaiti ya kwanza ya Uganda ilipelekwa angani mwaka 2022. Kenya ilirusha Taifa-1 mwezi Aprili 2023 kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya, kiasi kisicholingana hata kidogo na zile dola bilioni 25. Mwaka huo wa 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba nchi yetu nayo inajiandaa kurusha satelaiti yake.

Sisi tunasema: ni vema, kwa masharti. Kwanza, vijana wetu wajifunze kuiunda na kuiendesha, maana kununua chombo bila kununua ujuzi ni kukodi fahari. Pili, takwimu zake ziwe mali ya umma. Tatu, kwa kila shilingi inayokwenda juu, iwepo shilingi inayoshuka hadi kijijini kupitia kituo cha mvua na ofisa ugani. Masharti haya yakitimizwa, mkulima wa Issuna atakuwa amechangia shughuli yake mwenyewe. Yasipotimizwa, atakuwa amelipia sherehe ya wengine, na hapana budi Chama, kilicho cha wakulima na wafanyakazi, kilisimamie jambo hili kabla roketi haijaondoka.