Usiku Mmoja na Siku Mia

Somo la historia kwa wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

 Kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa na aangalie kwamba hata waliokaa nyuma wanasikia.

Somo letu la leo ni la historia. Pengine mmezoea kwamba historia ni habari za wafalme na vita. Leo hatuna mfalme wala vita. Tutazungumza habari za usiku mmoja tu, ambao karibu kila mama aliyepeleka mtoto wake kliniki anaujua.

Wiki chache zilizopita nilikwenda kutembelea darasa moja. Bibi mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni alisimama akaniuliza: "Bwana afisa elimu, mtoto wangu nilimpeleka akiwa mzima, anacheka. Akapigwa sindano ya paja. Usiku ule hakulala, wala mimi sikulala. Mwili ulikuwa moto, analia, akinyonya kidogo anaacha. Sasa tarehe ya sindano ya pili imekaribia. Kwa nini nimrudishe?"

Darasa zima lilinyamaza likinitazama. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu langu halikunitosha hata mimi mwenyewe. Swali lile lilistahili jibu refu, na jibu hilo ndilo somo la leo.

Basi, tuanze mbali. Zamani ulikuwapo ugonjwa uitwao ndui. Wazee wetu waliujua vizuri. Mwili wote ulijaa malengelenge yenye usaha. Katika kila wagonjwa 10, kama 3 walikufa, na wengi wa waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka.

Watu wa nchi nyingi, katika Asia, Uturuki na hata Afrika, walibuni njia ya kujikinga. Walichukua usaha kidogo wa mgonjwa, wakamchanja nao mtu mzima wa afya. Mtu huyo aliugua ndui nyepesi, kisha hakuugua tena. Katika mji wa Boston, Marekani, alikuwako Mwafrika mmoja mtumwa aliyeitwa Onesimus. Yeye alimweleza bwana wake, Cotton Mather, kwamba kwao Afrika alichanjwa hivyo. Ndui ilipoingia Boston mwaka wa 1721, daktari mmoja alikubali kuijaribu njia ile. Katika kila watu 100 waliougua ndui ya kawaida, kama 14 walikufa. Katika waliochanjwa, walikufa kama 2 tu katika kila 100. Kwa hiyo elimu hii ya kinga, Mwafrika naye ana sehemu yake. Lakini angalieni: njia ile ilikuwa na gharama kubwa. Aliyechanjwa alilala siku nyingi na homa, na wachache walikufa.

Sasa twende Uingereza, katika mji mdogo wa Berkeley. Huko aliishi daktari aliyeitwa Edward Jenner. Jenner alisikia maneno ya watu wa mashambani: kwamba mkamuaji wa maziwa aliyepata ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa mdogo wa mikononi, hapatwi na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei mwaka wa 1796 alitoa usaha katika mkono wa mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, akamchanja nao mtoto wa kiume wa miaka 8, James Phipps, mtoto wa mtunza bustani.

Je, yakawaje? Jenner aliandika kila alichoona. Siku ya 7 mtoto alilalamika kwapa linamuuma. Siku ya 9 alihisi baridi, hakutaka kula, kichwa kilimuuma kidogo. Na usiku ule, Jenner aliandika, mtoto hakulala kwa utulivu. Kesho yake alikuwa mzima kabisa.

Hapo simameni kidogo. Usiku ule anaousema bibi wa darasani kwetu umo katika kitabu cha Jenner, kilichotolewa mwaka wa 1798. Chanjo ya kwanza kabisa iliyoandikwa hivyo na daktari ilikuwa na usiku wake wa mahangaiko. Haukufichwa, wala haukuwa siri.

Tarehe 1 Julai Jenner alimchanja James kwa usaha wa ndui yenyewe. Leo hakuna daktari anayeruhusiwa kumjaribu mtoto namna ile. Lakini James hakuugua. Toka hapo kazi ya kuchanja ikaenea duniani.

Sasa mtauliza: kwa nini mtoto apate joto, na ugonjwa wenyewe hana? Sikilizeni. Ndani ya damu yetu mna askari wadogo wasioonekana kwa macho. Chanjo huwaonyesha askari hao sura ya adui aliyekwisha kuuawa au kudhoofishwa, au kipande chake tu. Askari wakimwona hudhani vita imefika. Hupelekeana habari kwa njia ya kemikali ziendazo na damu. Habari hizo zikifika ubongoni, joto la mwili hupanda na usingizi hubadilika. Na pale palipochomwa huvimba na kuuma, basi mtoto akigeuka huamka na kulia. Si kila mtoto hufanya hivyo. Katika uchunguzi wa San Francisco, Marekani, uliotangazwa mwaka wa 2011, walichunguzwa watoto 70 wa umri wa miezi kama 2, na wengi walilala zaidi baada ya chanjo, wala hawakulala pungufu. Kwa hiyo mtoto wa jirani akilala fofofo na wako akikesha, usidhani wako amepewa dawa mbaya. Na ikiwa wako ndiye aliyelala bila homa, usidhani kinga haikuingia.

Tuje sasa kwenye sindano yenyewe ya paja. Katika Tanzania, mtoto hupewa sindano ya kukinga magonjwa matano kwa pamoja akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Magonjwa hayo ni dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya aina ya B, na ugonjwa wa bakteria wa Hib uletao homa ya mapafu na ya uti wa mgongo. Katika hayo, sehemu ya kifaduro ndiyo hasa iletayo joto na kilio.

Chanjo ya kifaduro iliyofaa ilipatikana kwa juhudi kubwa za akina mama wawili wataalamu wa Marekani, Pearl Kendrick na Grace Eldering, katika mji wa Grand Rapids. Walianza kazi hiyo mwaka wa 1932. Baada ya saa za kazi walikwenda nyumba kwa nyumba kwa watu maskini, wakimkohoza mtoto mgonjwa mbele ya kisahani ili wapate vijidudu vya ugonjwa. Chanjo yao ilitengenezwa kwa vijidudu vizima vilivyouawa. Ilikuwa na nguvu ya kukinga, lakini pia ilileta joto. Chanjo ya namna hiyo, ya vijidudu vizima vilivyouawa, ndiyo itumikayo hata leo katika nchi nyingi za Afrika.

Sasa ni wapi watu waliochoshwa na hofu ya chanjo hii, wakaiacha? Ni Japani. Huko kifaduro huitwa "kikohozi cha siku mia". Jina hilo ni la kweli. Mtoto hukohoa mfululizo mpaka pumzi zinakwisha, uso hubadilika rangi, huvuta hewa kwa mlio, hutapika. Huwa vibaya zaidi usiku. Haya huendelea majuma kwa majuma. Mtoto mchanga sana pengine hakohoi hata kidogo. Huacha tu kupumua.

Kwa ajili ya chanjo, kifaduro kilikaribia kutoweka Japani. Mwaka wa 1974 waliandikwa wagonjwa 393 tu nchi nzima, na hakufa hata mmoja. Kisha watoto wachanga wawili walikufa muda mfupi baada ya kuchanjwa. Hofu ikaingia, na hofu ya mzazi si jambo la kuchekwa. Mwaka wa 1975 serikali iliisimamisha chanjo kwa muda, kisha ikaanza kuitoa kwa watoto wa miaka 2 na zaidi tu. Wazazi wengi hawakurudi. Kabla ya hapo, watoto kama 8 katika kila 10 walichanjwa. Mwaka wa 1976 alichanjwa kama 1 tu katika kila 10. Matokeo yakaonekana mwaka wa 1979: wagonjwa zaidi ya 13,000, na waliokufa 41.

Wajapani hawakukaa bure. Mtaalamu wao Yuji Sato alitengeneza chanjo ya vipande vya kijidudu, isiyo na joto jingi, ikaanza kutumika mwaka wa 1981. Hapo tujifunze mambo mawili pamoja. La kwanza, malalamiko ya wazazi yana maana. Ndiyo yaliyowafanya wataalamu watafute chanjo laini zaidi. La pili, aliyekimbia usiku mmoja wa homa alikutana na siku mia za kikohozi.

Kuna mfano mwingine, wa karibu na pwani yetu. Katika mji wa Merka, Somalia, mpishi mmoja wa hospitali, Ali Maow Maalin, alikwepa kuchanjwa kwa sababu aliona sindano inauma. Mwezi wa Oktoba 1977 alipata ndui. Alipona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka wa 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Bwana Maalin baadaye alifanya kazi ya kuwasihi wazazi wachanje watoto wao polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka wa 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Basi usiku ule utapitaje? Sikilizeni vizuri, na mwalimu aandike ubaoni.

Kwanza, baada ya sindano ngojeni kidogo kliniki kama muuguzi anavyosema, ili mtoto atazamwe.

Pili, mnyonyeshe mara nyingi, hata kidogo kidogo. Maziwa ya mama ni maji yake, chakula chake na kitulizo chake.

Tatu, mvue nguo nzito. Mtoto mwenye joto hafungwi mablanketi. Mlaze chali.

Nne, pale palipochomwa weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi kiasi. Usisugue, usikande kwa moto, usipake majani wala samli.

Tano, dawa ya paracetamol ipewe mtoto mwenye joto au maumivu, kwa kipimo alichosema muuguzi kwa uzito wa mtoto. Usiitangulize kabla homa haijaja bila kuambiwa. Uchunguzi wa Jamhuri ya Cheki uliotangazwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba kuitanguliza kulipunguza kinga iliyopatikana. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Sita, akina baba, hili ni lenu. Mbebeni mtoto, mpokezane. Nasema kwa aibu kidogo, maana mtoto wetu wa kwanza alipochanjwa mimi nilijifunika shuka nikajifanya nimelala, na mama yake akakesha peke yake. Nilikuwa na cheti cha chuo kikuu, lakini usiku ule sikuwa na elimu.

Joto hilo kwa kawaida huja siku ile ile au kesho yake, nalo hupungua kabla ya siku 2. Likipita siku 2, usiseme tena ni sindano. Katika nchi yenye malaria, homa ya mtoto ni lazima ipimwe. Nenda zahanati upesi, bila kungoja asubuhi, ukiona mtoto ana degedege, au amelia mfululizo kwa saa 3 au zaidi, au amekataa kabisa kunyonya, au amelegea na haamki, au anapumua kwa shida, au uso umevimba. Ukimpeleka tena kwa chanjo, mwambie muuguzi yote yaliyotokea mara ya kwanza. Si malalamiko hayo; ni habari anayoihitaji, kama Jenner alivyoandika habari za usiku wa James.

Sasa narudi kwa bibi yule wa darasani. Bibi, ikiwa unanisikia, uliniuliza kwa nini umrudishe mtoto. Sindano ya kwanza imewaonyesha askari wa damu sura ya adui mara moja tu. Mara moja haitoshi. Hukumbuka vizuri baada ya mara ya pili na ya tatu. Ukiacha sasa, usiku ule mliokesha mtakuwa mmelipa nusu ya bei, na mali mmeiacha dukani. Pengine usiku wa pili utakuwa mwepesi, pengine hautakuwa. Lakini sasa unajua ni usiku wa namna gani, na ya kufanya unayajua. Na baba wa mtoto naye, natumaini, amesikia.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. James Phipps alijisikiaje baada ya kuchanjwa, na ilikuwa siku ya ngapi?
2. Kwa nini Wajapani walikiita kifaduro kikohozi cha siku mia?
3. Andika kwa mkono wako dalili tatu za kumpeleka mtoto zahanati upesi.
4. Nyumbani kwenu, mtoto akichanjwa, nani hukesha naye? Je, yafaa iwe hivyo?