Safari ya Peke Yake Kutoka Mombasa Hata Lamu

Mtu aendaye peke yake kwa gari kutoka Mombasa hata Lamu husafiri njia ya kilomita 340 hivi, na bahari humsindikiza upande wa kulia. Walakini bahari hiyo haionekani kila wakati. Mara nyingi imefichwa na minazi, mikorosho, mashamba ya mkonge na kuta za hoteli, nayo hujitokeza ghafula penye hori, pale maji ya chumvi yalipoingia ndani ya nchi na kuikata njia. Mwenye wenzake garini hupita mahali hapo akizungumza. Aliye peke yake hana wa kuzungumza naye, basi hutazama. Na atazamaye vema hutambua jambo moja, ya kuwa karibu kila mji wa kale ulio kando ya njia hii umempa mgongo. Uso wake umeelekea baharini.

Sababu yake si ngumu. Miji hiyo ilijengwa na watu waliosafiri kwa jahazi. Kaskazi iliwaleta wafanyaji biashara kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikawarudisha kwao. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 kwa chombo, akalala usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Aliwasifu wenyeji kwa dini yao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, akaandika kuwa chakula chao kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Vasco da Gama naye, mwezi wa Aprili 1498, alikosa makaribisho mema Mombasa, akapanda Malindi, ambako alipokewa kwa heshima na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Wote wawili waliijua pwani kwa sura yake ya mbele.

Njia za miguu zilikuwapo. Wamijikenda walishuka nazo wakileta pembe, sandarusi na nafaka kwa watu wa mijini. Lakini njia hizo zilitoka bara zikaishia ufuoni. Hazikuwa na haja ya kuufuata ufuo, kwa kuwa aliyetaka kwenda kaskazini au kusini alipanda mashua. Hata Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1895, hawakujishughulisha sana na upande huu. Mwaka uliofuata walianza reli yao Mombasa, wakaielekeza bara mpaka Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Fedha na watu vikaenda na reli. Pwani ya kaskazini ikangoja.

Mombasa ni kisiwa, kwa hiyo msafiri wetu huanza kwa kuvuka maji. Mwaka 1931 palitandazwa Nyali daraja lililoelea juu ya pantoni, likapanda na kushuka kwa kadiri ya maji kujaa na kupwa. Lilitumika karibu miaka 50, hata mwaka 1980 lilipofunguliwa daraja la saruji linalotumika leo. Ng'ambo yake, kabla gari halijapata mwendo, ni Kengeleni. Wapitao ni maelfu, na wachache huuliza kengele ni ipi. Ni ile ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisioni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Watu hao walikuwa wametolewa makwao mbali sana, Nyasa na Uyao na kwingineko, na hawakuwa na njia ya kurudi. Wakabaki pale palipokatiwa safari yao, wakalima, wakasoma, wakazaa.

Mtwapa kulikuwa na kivuko, nacho kilikuwa na sifa kubwa. Chombo kilivutwa kwa mnyororo uliolazwa kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, na wanaume walioushika mnyororo huo waliimba wakivuta. Wageni walipiga picha, na wazee wa leo husimulia nyimbo hizo kwa furaha. Mimi nadhani yule aliyeuvuta mnyororo kutwa juani asingesimulia kwa furaha ileile. Hata hivyo kivuko kilikuwa na faida moja ambayo daraja halina: kilimlazimu kila mtu kusimama, tajiri na maskini, kuyatazama maji na kuulizana habari. Siku hizi hori la Mtwapa huvukwa kabla dereva hajabadili gia mara mbili, na kwa haraka hiyo huachwa Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulio mchangani kabisa, wenye misikiti minne na nyumba za mawe zilizobaki kuta tu.

Kilifi mambo yalikuwa vivyo hivyo, ila hori ni pana zaidi na kungoja kulikuwa kurefu zaidi. Magari yalipanga mstari, na wachuuzi wakapita madirishani na korosho zao. Daraja refu lilifunguliwa mwaka 1991, na pande zote mbili za kivuko zikapoteza wateja wao. Juu ya jabali la upande wa kusini yamo magofu ya Mnarani, msikiti na kaburi la mnara, yakilitazama hori kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni. Waliokaa hapo walichagua mahali pale ili waone kila chombo kiingiacho. Daraja halikuwa katika hesabu yao.

Gedi ndio mji wa pekee unaolivunja neno langu. Hauko ufuoni, uko kilomita kadhaa ndani, msituni, karibu na njia ya Malindi kuliko na maji. Tena haukuwa mji mdogo. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, akapata jumba la kifalme, misikiti, visima, vyoo vilivyojengwa kwa ustadi na vyombo vya kauri kutoka Uchina. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, na katika maandishi yao mji huu hautajwi kwa jina hilo. Ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wengine husema visima vilikauka, wengine hutaja mashambulio na kuanguka kwa biashara. Yaelekea sababu zilikuwa nyingi pamoja. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Gedi katika orodha ya urithi wa dunia.

Kupita Malindi, maji ya kuvukwa si ya chumvi tena. Ni mto Sabaki, wenye udongo mwekundu unaoipaka bahari rangi mpaka mbali. Hapa gari lastahili kusimama, kwa kuwa mto huu ulifanywa mpaka, na watu walikufa kwa ajili yake. Serikali ya Kiingereza ilitaka Wagiriama watoe kodi na vijana wa kazi za mashamba. Tena ikawaamuru waliokaa ng'ambo ya kaskazini, penye ardhi yenye rutuba, wahamie kusini. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, akakusanya watu mwaka 1913 kwa ngoma na kwa kiapo, wakakataa. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa Kisii, upande mwingine kabisa wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu mamia ya kilomita, katika nchi za watu wasiowajua wala kuijua lugha yao. Mekatilili hakuwa kijana. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, yeye akakamatwa tena, na vita vikawaka. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu, na watu wakafukuzwa kuvuka mto. Baada ya miaka michache serikali ilikubali warudi, yaani ilikiri kwa kitendo ambacho haikukiri kwa maneno. Sisi huvuka Sabaki kwa dakika moja.

Kutoka hapo njia huachana na bahari, huingia nyika mpaka Garsen, ikauvuka mto Tana, kisha hupinda kurudi mashariki. Kwa miaka mingi sehemu hii ilikuwa matope wakati wa masika na vumbi wakati mwingine. Lami imefika miaka ya karibuni tu. Mtu wa peke yake hushauriwa asiipite usiku, na ushauri huo hautokani na simba. Mwezi wa Juni 2014 watu wapatao 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na vituo vya askari njiani havijasahau. Katikati ni Witu, mahali pa kimya leo, lakini palikuwa makao ya Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, aliyejiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885. Mwaka 1890 Wajerumani waliikabidhi Witu kwa Waingereza katika mapatano yaliyofanywa Ulaya, na kabla mwaka haujaisha Waingereza waliuteketeza mji, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa humo.

Njia humalizika Mokowe. Gari huachwa chini ya mti, mzigo hutiwa mashuani, na kwa mara ya kwanza tangu Mombasa msafiri huuendea mji wa kale kutoka majini. Nyumba nyeupe husimama mstari mmoja, punda hupita ukingoni, na Lamu yote humtazama akija. Lakini hata hapo asidhani kuwa ameuona uso wa kale wenyewe. Nyumba nyingi za ukingoni ni za karne ya 19 na baadaye, zilizojengwa juu ya kifusi kilichotupwa majini. Njia kuu ya zamani iko nyuma yake, nyembamba na yenye kivuli, na huendewa kwa miguu.